Picha Ni Zangu

Ujumbe ulipoingia kwenye simu, Melania alikuwa anapepeta mchele barazani kwake, mtaa wa Kambarage mjini Shinyanga. Aliusoma, akaweka ungo chini, akausoma tena. Mtandao wa video ulikuwa unamwarifu kwamba video yake kuhusu duara la Stanslaus, shimo la kuchimbia dhahabu, imeondolewa, kwa kuwa mwenye hakimiliki ya picha zilizotumika amelalamika. Jina la mlalamikaji lilikuwa Edson Mageni.

Alichofikiri kwanza ni kwamba kuna tapeli ametumia jina la Edson. Akampigia ili amtahadharishe.

"Baba Vaileth, kuna mtu anajifanya wewe huko mtandaoni. Amenilalamikia kwa jina lako."

Edson alishusha sauti. "Nipo na wateja, Mama Noela. Nitakupigia."

Hakupiga. Melania akamalizia mchele wake, akaupika, na bado hakumshuku.

Angemshukuje? Walikua pamoja Ushirombo, wakaimba kwaya moja parokiani. Edson ndiye baba wa ubatizo wa Noela, mtoto wa Melania. Na Noela alipokuwa bado ananyonya, baba yake alifukiwa na kifusi huko machimboni Nyarugusu. Ni Edson aliyekwenda kuutambua mwili ili Melania asiuone katika hali ile. Alirudi na saa ya marehemu imefungwa kwenye leso, akamkabidhi bila kusema mengi. Tangu siku hiyo Melania alimhesabu kuwa ndugu wa damu.

Hata chaneli yake ya video ilianza naye. Melania alikuwa mtangazaji wa redio ndogo mjini Shinyanga, na alipochoka kusoma matangazo ya watu wengine akasema anataka kuzungumza na wachimbaji wadogo moja kwa moja. Edson akamjibu, "Wewe zungumza, kamera ninayo." Wakaiita Duara Salama. Melania alieleza, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma, jinsi ya kutambua hewa mbaya shimoni, jinsi ya kujikinga na zebaki, na wakati gani mtu akatae kushuka hata mwenye duara akimfokea. Edson alipiga picha, akazihariri, akazipandisha. Hawakuandikiana chochote. Nani angeandikiana na ndugu yake?

Video iliyoondolewa ilikuwa na historia yake. Stanslaus, mwenye duara kubwa kule Nyarugusu, alikuwa ametoa tangazo zuri mtandaoni, lenye muziki na picha zilizopigwa kutoka juu na kutoka ndani ya shimo, akikaribisha wachimbaji na wabia. Edson ndiye aliyemtumia Melania tangazo lile, akiwa ameandika maneno mawili tu: "Tazama matimba."

Matimba ni miti inayosimamishwa shimoni kuzuia kuta zisiporomoke. Melania alitazama. Ilikuwa myembamba, imeachana sana, na mingine haikugusa ukuta hata kidogo. Ilisimama tu kama watu wanaosubiri basi. Akachukua kipande kifupi cha lile tangazo, akasimamisha picha, akazungushia mstari mwekundu mahali palipokosewa, akaeleza taratibu. Alitaja kwamba picha zimetoka kwenye tangazo la Stanslaus. Kiungo cha video hiyo kikasambaa machimboni, simu kwa simu, na baadhi ya vijana wa Stanslaus wakakataa kushuka mpaka matimba yabadilishwe.

Asubuhi iliyofuata malalamiko mengine yakaingia. Haya yalihusu video za zamani, zile za zebaki na hewa mbaya, ambazo Edson alizipiga yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele ya Melania. Mlalamikaji alikuwa yule yule. Kabla ya saa sita chaneli nzima ilikuwa imefungwa. Melania akamwacha Noela kwa jirani, akapanda bodaboda kwenda Ibadakuli, nyumbani kwa Edson.

Justa, mke wa Edson, alimpokea kwa furaha, akamvutia kiti, akamletea uji wa ulezi. Ni wazi kwamba hakujua lolote. "Yuko chumba cha nyuma na mashine zake," alisema. "Siku hizi hata kula anasahau."

Edson alipomwona mlangoni alivua vipokea sauti vyake polepole.

"Karibu, Mama Noela."

"Ni wewe?" Melania aliuliza.

"Funga mlango kwanza."

Aliufunga.

"Ni mimi," Edson alisema. "Lile tangazo nililipiga mimi. Stanslaus aliniita mwezi mmoja kabla ya Kwaresima."

Melania hakuwa amelijua hilo. Alitafuta mahali pa kukaa, hakupaona, akabaki amesimama. "Kwa hiyo uliingia mle shimoni."

"Niliingia."

"Ukayaona matimba kwa macho yako."

"Niliyaona. Ndiyo maana nikakutumia. Nilijua wewe utasema."

"Nimesema. Sasa umeniziba mdomo kwa sababu gani?"

Edson alichukua kitambaa, akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Alieleza kwamba Stanslaus alikuja kwake amekasirika, akimuuliza nani ameivujisha kasoro ile kwa watu wa nje. Hakuwa na ushahidi, ila alikuwa anamtazama yeye. Kisha akamwambia jambo moja: picha ni zako, sheria inakupa nguvu ya kuziondoa mtandaoni, hebu ziondoe nione uko upande gani.

"Ningekataa angejua ni mimi," Edson alisema. "Na yule mtu ana watu wake kila mahali. Nina familia."

"Na hizi za zamani? Zebaki inamhusu nini Stanslaus?"

Edson aliigeuza lenzi, akafuta upande wa pili.

"Nakuuliza, Edson." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake bila kutanguliza baba wa fulani.

"Alisema malalamiko yakiwa machache, chaneli inabaki. Yakiongezeka, mtandao unaifunga."

"Kwa hiyo ulijua itafungwa. Ulikaa hapa ukachagua ni zipi uongeze."

"Picha ni zangu, Mama Noela," alisema, bila kumtazama. "Sijadanganya popote. Kila nilichoandika kule ni kweli."

"Na maneno ni ya nani? Hiyo sauti ni ya nani?"

Edson aliendelea kufuta lenzi. Melania alipotoka, Justa alimwuliza mbona uji hajaumaliza. Akamjibu kwamba ulikuwa mtamu, ila tumbo limemkataa.

Njiani kurudi alikumbuka jambo lililomfanya amwombe dereva wa bodaboda asimame pembeni kidogo. Hakuwa na nakala. Video zote, tangu ile ya kwanza kabisa, zilikuwa kwenye mashine ya Edson na kwenye chaneli iliyofungwa. Yeye alibaki na simu yenye viungo visivyofunguka.

Alikwenda kwa wakili aliyekuwa na ofisi karibu na soko, kijana mwenye subira aliyeitwa Deogratias. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza kiti chake ili wakae wakitazamana.

"Kwenye lile tangazo la Stanslaus, haki unayo," alisema. "Sheria yetu ya hakimiliki inaruhusu mtu kunukuu kipande cha kazi ya mwenzake kwa ajili ya kukosoa, kufundisha au kutoa habari, mradi asizidishe na ataje alikokitoa. Na huko ng'ambo mtandao ulikosajiliwa wana kanuni inayofanana na hiyo, wanaiita matumizi ya haki. Wewe ulichukua kidogo, ukataja chanzo, ukafundisha. Nisingeogopa kusimama nayo mbele ya hakimu."

"Basi iwe hivyo."

"Tatizo hakuna hakimu. Mtu akilalamika, mtandao unaondoa kwanza. Haki yako unaidai baadaye, video ikiwa imeshaondoka. Tutaandika pingamizi. Mlalamikaji atapewa muda wa kwenda mahakamani. Asipokwenda, video inarudi."

"Na hizi za zamani?"

Deogratias alikuna kidevu. "Hizo ni ngumu. Alipiga yeye, kwa kamera yake, na hamkuandikiana. Ana pa kusimamia."

Wakaandika pingamizi. Fomu ilitaka jina lake kamili na mahali anapoishi, na taarifa hizo zote zingepelekwa kwa mlalamikaji. Melania alicheka kicheko kikavu. "Nyumbani kwangu anapajua. Amesaidia kuezeka hilo bati."

Alikuwa bado anasubiri majibu Theopista alipopiga simu. Theopista alikuwa na kibanda cha chakula Nyarugusu, na mwanawe Fredy alikuwa miongoni mwa wale vijana waliokataa kushuka kwenye duara la Stanslaus.

"Shikamoo, mayu," Melania alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Nataka uniambie ukweli, Mama Noela. Kuna maneno huku."

"Maneno gani?"

"Watu wakigusa ile video yako wanakuta maandishi kwamba imeondolewa kwa malalamiko. Stanslaus anatembea kila kibanda anasema, mnaona, yule mwanamke alisema uongo, ameshtakiwa, wakubwa wa mtandao wameifuta. Wengine wanasema hukushtakiwa. Wanasema umenunuliwa, ukaifuta mwenyewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi. Nakuuliza."

Swali lile lilimuuma kuliko ujumbe wa mtandao. Asubuhi alipanda basi la Kahama, akaunganisha gari jingine hadi Nyarugusu, akiwa na karatasi kubwa za manila zilizoviringishwa na kalamu za wino mzito.

Vijana walikusanyika kibandani kwa Theopista baada ya chakula cha mchana, nguo zao nyeupe kwa vumbi la mawe. Melania aliwasalimu kwa Kisukuma, akabandika karatasi kwenye ukuta wa mabanzi, akaanza kuchora shimo, kuta zake, na jinsi miti inavyopaswa kukaa. Alieleza kuhusu malalamiko, akasema hakimiliki ni habari ya nani amepiga picha, haihusiani na kama jambo lililosemwa ni la kweli au la uongo. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, kijana mmoja mrefu aliyeitwa Ndaki, aliyekuwa akichimba pamoja na Fredy, aliinua mkono.

"Dada, sisi hatukubishii. Ila mwanzo ulituonyesha mle mle ndani, tukaona kwa macho, na Stanslaus mwenyewe hakuweza kukana kwa sababu tangazo ni lake. Leo umechora. Kuchora hata mimi naweza kuchora."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Hakukuwa na dharau katika maneno yake, na Melania alijua kwamba kijana amesema kweli. Nguvu yote ya ile video ilikuwa kwamba ilitumia picha za Stanslaus mwenyewe kumwonyesha Stanslaus, na sasa tangazo lenyewe alikuwa ameshaliondoa mtandaoni.

"Waambie nani amelalamika," Fredy alisema kwa sauti ya chini. "Labda wataelewa."

Melania alifungua mdomo. Aliwaona wote wakimtazama, na hakulitamka jina la Edson. Ikiwa angelitaja, angelazimika kueleza kwamba ni Edson aliyeyaona matimba na kumtumia habari, na kabla ya jioni Stanslaus angekuwa amejua. Pamoja na yote aliyotendewa, bado alimhurumia. Akasema tu, "Ni mpiga picha," na vijana wakaanza kutawanyika.

Fredy alimsindikiza hadi kwenye magari. "Wenzangu wanarudi kazini kesho, Mama Noela," alimwambia. "Siwezi kubaki peke yangu kibandani kwa mama kama mgonjwa."

"Nakuomba usishuke."

"Nimekusikia," alisema. Hakusema kwamba hatashuka.

Mvua za wiki ile zilikuwa kubwa. Ukuta wa duara la Stanslaus ulishuka asubuhi, watu wakiwa kazini. Wengi walikuwa karibu na mdomo wa shimo, wakatoka. Fredy alichimbuliwa akiwa hai, mguu umepondeka chini ya goti, akapelekwa hospitali Geita. Ndaki alitolewa mwisho, amefariki.

Theopista ndiye aliyempigia Melania. Hakulia. Alieleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa, kisha akasema, "Ungekuwa umewaonyesha tena ile picha," na akakata simu.

Alasiri ya siku hiyo hiyo mtandao ukamwarifu Melania kwamba mlalamikaji ameondoa malalamiko yake yote. Chaneli ikafunguka. Jioni video ya matimba ilikuwa inatazamwa kuliko wakati wowote, na chini yake watu wasiomjua waliandika kwamba mwanamke huyu alionya, mwanamke huyu ana macho. Melania alizima simu. Kila aliposoma sifa aliona mkono wa Ndaki ulioinuliwa.

Baada ya maziko Edson alikuja Kambarage. Alibisha hodi kama mgeni. Noela alikuwa shuleni. Melania hakumkaribisha ndani. Walikaa barazani, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi.

"Nimeyaondoa malalamiko," Edson alisema.

"Nimeona. Kwa nini siku ile?"

"Moyo uliniuma."

"Moyo uliniuma," Melania alirudia, si kwa kejeli, ila kama anayejaribu kulielewa neno geni.

Edson alisogea kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndevu hakuwa amezinyoa. "Mama Noela, nimekuja na shida. Kuna uchunguzi. Stanslaus amewaambia kwamba mimi nilikuwa mtu wake wa karibu, kwamba nilikagua shimo nikamwambia liko sawa ili tangazo lipendeze. Anataka kunibebesha mzigo. Wewe ndiye mtu pekee anayejua kwamba niliyaona matimba nikatoa taarifa. Waambie tu kwamba nilikutumia. Hiyo ni kweli, sivyo?"

"Ni kweli."

"Basi nakuomba. Kwa ajili ya tulikotoka."

Melania aliitazama barabara. Mama mmoja alipita na ndoo kichwani, akawasalimu "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa mzaha ingawa ilikuwa mchana, nao wote wawili wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya watoto wa Ushirombo.

"Nitakwenda," Melania alisema.

Walikutana kwenye ofisi ndogo machimboni, yeye, Edson, na mkaguzi wa migodi, mtu mzima aliyeandika taratibu. Melania alisema kwamba Edson ndiye aliyemtumia lile tangazo, akiwa na maneno ya kumtaka atazame matimba. Akaonyesha ujumbe. Edson alishusha pumzi, akakaa vizuri kwenye kiti.

Mkaguzi alifunika kalamu yake. "Kuna lingine?"

"Lipo," Melania alisema.

Akaeleza lililobaki. Kwamba Edson, akijua kwamba matimba ni mabovu, alilalamika ili video iondoke. Kwamba aliongeza malalamiko juu ya video nyingine, makusudi, ili chaneli nzima ifungwe. Kwamba vijana walirudi shimoni wakiamini video imefutwa kwa sababu ni ya uongo. Akaeleza pia kwamba yeye mwenyewe alisimama mbele yao akashindwa kulitaja jina la aliyelalamika, kwa kumwonea huruma, na kwamba Ndaki alikuwa mmoja wa waliomsikiliza. Hakupandisha sauti. Mkaguzi alikuwa amefungua tena kalamu yake na alikuwa akiandika.

Nje, Edson alimfuata hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Ungeweza kuishia pale," alisema. "Nilikuomba jambo moja tu."

"Uliniomba niseme kweli."

"Uliniahidi utanisaidia."

"Nilisema nitakwenda." Melania alimgeukia. "Ungekuja kwangu siku ile, Edson. Ungeniambia, Mama Noela, Stanslaus ananitisha, iondoe hiyo video mpaka nijue la kufanya. Ningeiondoa kwa mkono wangu, nikatafuta njia nyingine ya kuwaambia watu. Ulikuwa na namba yangu. Ulikuwa na mlango wangu. Wewe ukaenda kulalamika."

Edson alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Video zako zote ninazo. Nitakuletea."

"Mpe Justa alete."

Justa alizileta Jumapili baada ya misa, kwenye diski ndogo iliyozungushiwa kitenge, akaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake, na wakalia pamoja jikoni. Stanslaus alifunguliwa kesi Geita. Edson hakushtakiwa, ila wateja wa machimboni walimkwepa, na alianza kupiga picha za harusi upande wa Maswa, mahali ambapo watu hawakumjua.

Fredy aliupoteza ule mguu. Melania alikwenda kumwona mara nyingi hospitalini, na Theopista alimpokea kwa salamu fupi. Siku moja alimsogezea kiti. Melania hakujua kama huo ni msamaha, wala hakuuliza.

Ilipita miezi kabla hajarekodi tena. Alinunua kishikio cha simu, akakifunga barazani, akajipanga mbele yake na karatasi yake ya manila. Alikuwa na ruhusa ya kimaandishi kutoka kwa kila mtu ambaye picha yake ingeonekana. Deogratias ndiye aliyemwandalia. Alibonyeza kitufe, akaanza kueleza habari ya matimba, akatamka jina la Ndaki, akaendelea. Katikati ya maelezo wingu lilipita juu ya jua, na kabla hajajizuia aligeuza kichwa pembeni, upande ambao Edson alizoea kusimama, kumuuliza kama mwanga bado unatosha.

Alikaa hivyo kwa muda, simu ikiendelea kurekodi. Kisha akarudi mwanzo wa sentensi.